Programu ya Vifaranga

Mughwai hakupenda kuitwa fundi kompyuta. Fundi ni wa baiskeli, alisema. Yeye ni mtengenezaji wa programu. Aliyekosea jambo hilo pale Singida mjini alielimishwa mpaka chai yake ikapoa.

Shangazi yake Emiliana, wa kijiji cha Mkiwa, alimwamini kuliko wote. Alinunua inkubeta, mashine ya kuangulia vifaranga, na Mughwai akaiunganisha na kompyuta kuukuu yenye programu yake mwenyewe, ya kupima joto na kuwasha au kuzima taa za kupasha mayai. Majirani wakatoa mayai chini ya matetea yao wakamletea. Kuku ateseke kuatamia ya nini, na mtaalamu yupo?

Programu ilisifika kwa wepesi. Ukibonyeza tu, dirisha la joto hilo hapo. Siri Mughwai aliitoa kwa majivuno kwa Rebeka, aliyesoma naye: hakupoteza muda kusafisha. Ukifunga dirisha linajificha tu. Ukitaka tena, linatengenezwa jipya.

"Kwa hiyo yote ya zamani bado yamo ndani, yanakula memori," Rebeka akasema. "Yafunge kwelikweli uiachie mashine nafasi, Mughwai. Itaganda hiyo."

"Wivu huo," akajibu bwana mkubwa.

Emiliana aliangalia joto kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Anafungua, anatazama, anabonyeza alama ya kufunga kama alivyofundishwa, anarudi tena. Siku zikaenda, kompyuta ikaanza kujikokota. Akapiga simu.

"Shikamoo shangazi. Izime uiwashe, ndizo tabia zao," Mughwai akamwambia, akarudi kwenye soga zake.

Akaizima akaiwasha, ikapata nafuu; siku kadhaa baadaye ikaganda, taa zikiwa zinawaka. Skrini haikuonyesha shida yoyote. Ilionyesha joto safi kabisa, lile la kabla ya kuganda, na Emiliana kila akipita alilitazama akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto msomi. Mayai yakaiva pole pole kando yake.

Mughwai alipofika, shangazi alikuwa amekaa chini, anapasua yai moja moja juu ya sinia. Vifaranga waliofia ndani walishaota manyoya. Majirani walisimama mlangoni.

Akaitazama kompyuta na kuelewa mara moja. Madirisha mamia yalikuwa yamejibanza humo, hakuna hata moja lililofungwa. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Lakini mtu mwenye jina lake mjini atasemaje?

"Shangazi," akasema, "huenda ulisahau kufunga madirisha."

Emiliana akaacha kupasua. Alijua hakuwahi kusahau, ila alijua pia kuwa mwanawe amesoma. Akawageukia wenzake.

"Mnisamehe jamani," akasema. "Uzee huu. Kumbe nilisahau."

Mtengenezaji wa programu akainamisha kichwa, akanyamaza.