Mjane wa Saa Mbili Usiku

Sina subira na tamthilia za ng'ambo, zile za mashamba makubwa, farasi, na wanawake wanaoamka asubuhi wakiwa tayari na rangi ya midomo. Mtu anapigwa risasi Jumatatu, Ijumaa bado anakata roho, na katikati ya hapo amepata nafasi ya kusamehe ukoo mzima. Midomo inasema lake, na Kiingereza kilichobandikwa juu yake kinafika kimechelewa. Wasanii wetu wa huku Bomet nao sitawaacha. Kila mmoja akitoa wimbo lazima aingie katikati ya majani chai, miwani ya jua usoni na mvua inanyesha, nyuma yake wasichana wanne wa sare moja wakitingisha mabega kwa huzuni. Video hizo nimezitazama zote, nyingine mara tatu.

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani, upande wa Mogogosiek, kungoja kazi ambayo haikuwa na haraka ya kunipata. Nilikuwa na ukurasa mtandaoni wa kuchambua filamu. Nusu ya wafuasi wangu walikuwa binamu zangu, lakini hilo halikunizuia kuandika kana kwamba dunia nzima inanisubiri. Nilikuwa nikimsuta mwongozaji fulani mwenye tuzo kabatini, mara nasikia naitwa nikakamue ng'ombe.

Mama yangu alikuwa na wafuasi wengi kuliko mimi. Saa mbili usiku alikaa mbele ya televisheni, kitambaa kichwani, na hakuna aliyethubutu kugusa rimoti; nami nilitazama naye, nikiguna. Kesho yake alasiri, kwenye kituo cha kuuzia majani chai, aliwasimulia wenzake yote. Lori la kiwanda huja likitaka, na karani wa mizani huja na lori. Kwa hivyo wanawake hukaa kwenye vibaraza vya saruji wakichambua majani yaliyokomaa sana wasije wakarudishiwa mzigo. Wengi hawakuwa na televisheni, na waliokuwa nazo waume zao walishikilia mpira. Bila Mama wasingejua kilichoendelea.

Nilipomsikia mara ya kwanza nilitamani ardhi ipasuke. Msimu ule kipindi kilimhusu mjane mwenye shamba la mizabibu, ambaye shemeji zake walitaka atie sahihi karatasi ya kuwaachia mali. Katika simulizi ya Mama, mizabibu iligeuka kuwa chai. Kukawa na mzee wa kijiji. Kukawa na naibu wa chifu, mtu mnene mwenye kikohozi. Siku moja mjane alipanda gari mpaka ofisi ya ardhi Bomet, akauliza dirisha gani, akaambiwa alete cheti cha kifo na kitambulisho, na kwamba anaweza kuweka pingamizi shamba lisiguswe. Yote hayo katika nchi ambayo watu wanakunywa divai saa nne asubuhi! Mimi nilikuwa pembeni na simu yangu, najiuma midomo.

Aliyekaa karibu naye kila siku alikuwa mama mmoja jirani yetu wa mteremkoni, aliyefiwa na mumewe mwaka uliotangulia. Hakuwa akichambua majani, alikuwa akisikiliza tu, mikono imekufa ndani ya mzigo. Shemeji zake walikuwa wameanza kulipima shamba lake kwa macho, na kijiji kizima kilijua kuna karatasi wanayomshurutisha atie sahihi. Mimi pia nilijua. Ila mimi nilikuwa mtu wa filamu, mambo ya mipaka na michai niliwaachia wenyewe.

Sasa alasiri moja Mama alifika mahali ambapo mjane anawarushia shemeji zake karatasi na kuwaambia waipeleke kwa chifu. Kicheko kilinitoka.

"Mama, hapana," nikasema. "Hiyo haikutokea. Hata chifu hakuna huko."

Wanawake wakanigeukia. "Sasa nini ilitokea?" mmoja akauliza.

Nikawaambia. Na nilifurahi kuwaambia, sitaficha. Mjane alitia sahihi, nikasema, tena akilia na fidla zinapigwa, akachukua sanduku lake akaenda kuishi kwa dada yake. Nikaongeza uchambuzi: kwamba mwandishi alikuwa mvivu, na kwamba mhusika asiye na msimamo hawezi kubeba hadithi.

Jirani yetu alinitazama. "Kwa hivyo alisaini?"

"Alisaini, mama."

"Na hakuna mahali alienda kuuliza?"

"Hakuna."

"Hata hakuwasumbua kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama aliinama kwenye mzigo wake akaanza kutafuta majani mabovu ambayo hayakuwapo. Baadaye lori likaja, tukapima, tukaenda nyumbani.

Nilidhani amekasirika kwa sababu nimemwaibisha mbele ya watu. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba ya kumfariji, kwamba Kiingereza cha watu wale ni cha haraka. Nilimkuta akisuuza mkebe wa maziwa.

"Kizungu ya hiyo kitu mimi naisikia," akasema. "Niliona akisaini. Nililia hata."

"Sasa mbona unawaambia vingine?"

"Nikimwambia mama huyo usisaini, kesho shemeji zake watajua ni mimi, na tumepakana nao. Sasa kama ni televisheni imesema, watashtaki nani?"

Hapo ndipo aliponieleza kwamba siku ya soko alikuwa amekwenda Bomet yeye mwenyewe, akapanga foleni kwenye ofisi ya ardhi, akauliza hatua moja baada ya nyingine na kuzishika kichwani, ili azitie kwenye kipindi. Mwanamke ambaye hupanga foleni ya kitu kimoja tu, mbolea. Niliona aibu mpaka nikashindwa kula.

Ilinichukua siku mbili kukubali kwamba lazima niende. Siku mbili hizo nilizitumia, nadhani, kutunga. Nilimpata jirani yetu nyuma ya nyumba akikata majani ya ng'ombe, akanikaribisha jikoni, akaweka chai. Nikamwambia nilikuwa nimekosea, kwamba kipindi kiliendelea. Mjane alirudi. Alikwenda mpaka ofisi ya ardhi na cheti cha kifo mkononi, kesi ikafika kortini, hakimu akasema karatasi iliyosainiwa kwa kusukumwa si karatasi, shemeji wakatoka mahakamani wameinamisha vichwa. Niliweka hata yule naibu wa chifu na kikohozi chake. Sijawahi kutunga kitu kizuri kama kile, na sijawahi kuamini kitu nilichotunga kama nilivyokiamini pale jikoni kwake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hata alicheka kwenye kikohozi.

"Ni tamu hiyo," akasema. "Lakini mimi nilisaini jana."

Nikauliza kwa nini, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Mama yako huwa anaongeza chumvi, sisi wote tunajua. Tunampenda tu. Lakini wewe umesoma, wewe huwezi kutudanganya." Akaninyanyulia sufuria aone kama nitaongeza chai. "Nikasema, kama yule wa mali yote ile alishindwa, mimi nitasumbua watu ya nini."