Siku Nilipomwaibisha Binti Yangu Nikiwa Ndani ya Mashine ya Ubongo

Jamani, hii nilikuwa nimeapa haitoki mdomoni mwangu, lakini kwa kuwa Kimara nzima mpaka muuza vitumbua anaijua, acha niisimulie mie mwenyewe kabla haijawafikia imejaa chumvi.

Binti yangu Atupele, wa kidato cha tatu, yumo kwenye utafiti mmoja mrefu. Walimchukua tangu shule ya msingi, na kila mwaka wanamwita, wanampiga picha za ubongo, wanamuuliza maswali, wanataka kujua ubongo wa kijana unakuaje, na pombe, sigara na bangi zinaufanya nini (mie nilikubali kwa sababu wanampima na macho bure, msinicheke). Sasa mwaka huu mtoto kabadilika, anajifungia chumbani, ukimsemesha anakujibu "mh", halafu siku moja nafua sare yake nikasikia inanukia embe, utamu utamu, na nilishasikia redioni kuwa siku hizi kuna sigara za umeme zinanukia matunda. Nikajua tu anavuta. Badala ya kumuuliza mwenyewe, nikamvizia dada mmoja wa utafiti, anayewahoji watoto.

"Hivi kwenye picha zenu, anayevuta si anaonekana?"

"Picha haisemi hivyo, mama. Na anayotuambia mtoto ni siri yake."

Siri! Ya mtoto niliyemzaa mie!

Basi Jumamosi ya kikao cha wazazi wa watoto wa utafiti, yule dada akauliza nani angependa kulala kwenye mashine, iliyokuwa chumba cha pembeni nyuma ya kioo, aonje wanayopitia watoto. Nilikuwa nachati kwenye simu, maelezo ya mwanzo yote yalinipita, lakini hapo nikanyoosha mkono haraka, nikijiambia nikiwa humo ndani nitajua tu inaona nini.

Nikavua hereni, nikalazwa, kichwa kikafunikwa na kitu kama helmeti ya bodaboda, nikasukumwa ndani ya bomba. Mara ikaanza: ga-ga-ga-ga, tiii, ga-ga-ga, kama mafundi wanabomoa ukuta juu ya pua yangu. Pumzi ikakata. Nikaamini kabisa inasoma mawazo, na kwa kuwa kichwani nilikuwa na wazo moja tu, ndilo likatoka kwa sauti yote niliyojaliwa na Mungu: "Nitoeni! Nakufa! Atu mwanangu, kama unavuta sema tu, mama sitakupiga!"

Nisilolijua ni kwamba humo ndani kuna kipaza sauti, na spika ilikuwa ukumbini, walikokaa wazazi wote na watoto wao.

Nikarusha miguu, wigi likanasa kwenye ile helmeti, nikawa siendi mbele wala nyuma. Ndipo nikasikia sauti ya Atu, imetulia kabisa.

"Mama, ni mie. Fumba macho. Vuta pumzi kwa pua, taratibu. Hiyo ni mashine ya mazoezi tu, mama, kelele zimerekodiwa, haipigi picha yoyote."

Nikavutwa nje, wigi likabaki, nywele zangu za mabutu yaliyochakaa zikaonwa na kila mtu. Baba mmoja alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Hayo yote ningeyavumilia, ila nilimwona Atu amesimama na maikrofoni aliyopewa anitulize, wenzake wote wamemkodolea macho.

Tulipofika nyumbani ndipo akaniambia, "Kumbe unanionaga mvutaji."

Nikamweleza ile harufu ya embe.

"Ni mafuta ya mikono ya Zuhura, tunakaa dawati moja." Akavuta kigoda cha jikoni, akakaa. "Ila kile kidude cha sigara ya umeme nilishapewa, chooni shuleni. Nilivuta mara moja, nikakohoa mpaka nikatapika. Nilimwambia yule dada. Nilitaka kukwambia na wewe, mama, ila unaanzaga na kelele."

Nikafungua mdomo nianze kelele, nikaufunga. Nikamwomba msamaha, tukalia wote pale jikoni. Nikamuuliza kama anataka kujitoa kwenye utafiti baada ya aibu ile.

"Nijitoe, halafu nani atawatuliza wazazi?"

Tangu siku ile nimejiwekea nadhiri: la mwanangu namuuliza yeye mwenyewe, sisi wawili tu, kwa sauti ya chini. Na jibu likinichoma, nameza mate kwanza ndio niseme. Ni kazi ngumu, jamani, lakini siku hizi "mh" imepungua.