Ziwa la Mlamu Wangu

Mlamu wangu, yaani shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, ana majaruba ya mpunga juu ya yangu, bondeni huku Songea. Maji ya mfereji lazima yapite kwake ndiyo yanifikie. Na anavyoyapenda maji huyo, utadhani kayaoa! Anajaza mpaka vyura wanachoka kuogelea. Halafu anasimama kwenye tuta, mikono kiunoni, anatazama ziwa lake. Mwanaume mzima!

Kwangu yalikuwa yanakuja kwa kudondoka. Nikaona hivi hivi, mchele mwaka huu tutausikia unanukia kwa jirani. Ndipo nikashika kile kilimo shadidi alichotufundisha bibi shamba. Miche unaihamisha ingali michanga, unapanda mmoja mmoja kwa kamba. Maji unatia kidogo, unayaacha yakauke, udongo ukianza kupasuka unatia tena. Magugu yanaota kweli, mgongo wangu unajua, lakini hayo maji ya kudondoka yanatosha.

Mlamu akaja kuona. Akacheka mpaka akashika magoti.

"Shemeji, unalima mpunga au unalima nyufa?"

"Nyufa," nikamwambia. "Nenda kaoge kwenye bwawa lako."

Mpunga wangu ukachipua, mche mmoja ukawa ukoo mzima. Ulipoanza kuinamisha vichwa nikafunga maji kabisa, chini pakakauka kama sakafu. Yeye afunge? Thubutu! Eti mpunga utamfia kiu. Akaacha yamejaa mpaka siku ya kuvuna. Basi mpunga ukalala wote kwenye tope, mwingine ukaanza kuota ungali kwenye masuke. Wavunaji wanazama mpaka magotini, ndala zimebaki huko huko. Mimi nikaleta kigoda, nikae nitazame vizuri.

Mchana, mlamu huyo kaja, matope mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, shemeji."

Shikamoo! Tangu niolewe hajawahi kunipa hiyo.

"Marahaba. Sema shida."

"Naomba nije kupiga mpunga wangu shambani kwako. Kwangu hakuna pakavu."

"Piga. Ila msimu ujao maji tunapeana zamu, na mlango wa mfereji nashika mimi."

Akakubali upesi, hata hakubisha. Akaupiga mpunga wake juu ya nyufa zangu zile zile alizozicheka. Jua kali, jasho linamchuruzika, mara akageuka akaniomba maji ya kunywa.

"Maji?" nikasema. "Kwani ziwa limekauka?"