Buibui wa Mdomoni mwa Mtungi

Mtu akiingia kwenye banda la nyuma la kitalu kile cha maua akiwa na nzi aliyemkamata mkononi, Mama Mitungi humsimamisha mlangoni.

"Mrushe huko nje," humwambia. "Humu ndani kila mmoja anajitafutia."

Jina hilo alipewa na wateja. Mimea anayoitunza huning'iniza kwenye ncha za majani yake vifuko virefu kama mitungi, vyenye maji mazito ndani na utamu ukingoni. Mdudu hufuata utamu, huteleza, huzama, na mmea humla polepole. Mama Mitungi ni mwembamba, mchache wa maneno. Kabla ya kuolewa alikuwa mshonaji, na mpaka leo hukata majani makavu kwa mkasi wa kitambaa. Kitalu ni chake na wifi yake, dada wa mumewe. Wifi hukaa mbele na wateja, yeye hukaa nyuma na mimea. Wifi ana mdomo, yeye ana subira, na magomvi yao kwa kawaida huisha kabla chai haijapoa.

Ugomvi wa mwaka jana haukuisha hivyo.

Ulianzia kwenye usafi. Kulikuwa na wageni wanakuja, chama cha wapenda bustani, na wifi alilalamika kwamba utando wa buibui umelifanya banda lionekane kama nyumba iliyohamwa. Mama Mitungi hakubisha. Siku nyingi alikuwa akiwaona buibui wale kama wezi, maana walikaa midomoni mwa mitungi na kunyakua nzi aliyevutwa na utamu wa mwingine. Alijifunga kitambaa kichwani, akafagia kuanzia darini mpaka sakafuni. Wageni wakaja, wakasifu, wakaenda zao.

Baada yao wakaingia vidukari, vile vidudu vya kijani vinavyonyonya majani machanga. Walikuwa wakija miaka yote, ila zamani buibui wadogo waliwala. Safari hii walipanda bila kizuizi mpaka juu ya Bikizee, mmea mkongwe ambao mingine yote bandani ilitokana na vipande vyake. Bikizee alikuwa na kilele kimoja tu cha kukulia. Vidukari walikifunika kama shati.

"Wifi, tupige dawa," wifi alisema.

"Dawa itaua kila chenye miguu."

"Si ndiyo kazi yake!"

"Na mitungi itaungua. Umesahau ule wa dirishani?"

Wifi hakuwa amesahau. Mmea wa dirishani waliunyunyizia wao wenyewe. Ulidondosha mitungi yote, kisha ukafa.

"Ule ulikufa tukihangaika," wifi alisema. "Huu unataka ufe tumekaa tunautazama?"

Mwishowe walikubaliana: kilele kikianza kupinda, wifi atapiga dawa, na hakuna atakayemlaumu mwenzake.

Tangu hapo Mama Mitungi alianza kuokota buibui vichakani nyuma ya mfereji, akiwabeba katika viberiti vitupu.

"Wenzako wanafuga kuku," mumewe alimtania alipovikuta viberiti mezani.

"Kuku wangemla Bikizee mwenyewe."

"Basi nifungulie viberiti hivi vyote, nione yupi ana moto."

Mama Mitungi hakucheka. Buibui wengi hawakukaa. Wengine walitoroka kwenye matundu ya wavu wa banda, wengine waliteleza wakazama mitungini, naye alisimama pale na brashi yake laini mkononi bila kumwopoa hata mmoja. Kuwaleta alikuwa amewaleta. Zaidi ya hapo, alijiambia, angekuwa anaendesha hospitali. Mmoja tu ndiye aliyeweka makazi juu ya Bikizee. Alikuwa wa njano, akitembea kiubavu kama kaa, na alikaa mdomoni mwa mtungi ulio karibu kabisa na kilele, kando ya kifuko cha mayai alichokifunika kwa hariri. Vidukari hakuwajali, walikuwa wadogo mno kwake. Tumaini lote lilikuwa kwenye watoto: wangetoka wengi, wadogo, wenye njaa, na chakula cha ukubwa wao kilikuwa hatua chache juu yao.

Kilele hakikuwangoja. Asubuhi moja wifi aliingia na bomba la dawa mgongoni, limeshajazwa upepo.

"Kimepinda."

Kilikuwa kimepinda kweli. Mama Mitungi alielekeza kidole kwenye kifuko cha hariri.

"Wifi, mayai yamebadilika rangi. Wako karibu."

"Makubaliano ni makubaliano, wifi."

Alikuwa ameshika mpini wa bomba wakati nyigu alipoingia kwenye tundu la wavu. Alikuwa wa kiuno chembamba, wale wanaowinda buibui wakawalishe watoto wao. Alizunguka banda mara moja, akatua ukingoni mwa mtungi. Wifi, aliyekuja kuua kila chenye miguu, alivua kandambili na kuinyanyua.

Mama Mitungi akamdaka mkono.

"Niachie! Anamchukua!"

"Najua."

"Si ndiye uliyekuwa unamngoja?"

"Na huyu naye ana watoto. Mwache."

Alisema hivyo bila kuuachia mkono wa wifi yake. Moyoni alitamani kandambili ile ishuke.

Buibui aliachia ukingo. Alishuka kwa uzi mmoja, akatumbukia ndani ya maji ya mtungi na kutulia chini, miguu ameikunja. Nyigu alitembea ukingoni, akarudi, akapapasa hariri ya mayai, akaiacha.

"Hayo maji si ndiyo yanayowayeyusha nzi?" wifi alinong'ona.

"Ndiyo hayo."

"Na yeye je?"

"Sijui, wifi."

Nyigu aliruka. Pembeni mwa dari alimchoma buibui mwingine, akaondoka naye. Buibui wa mtungini hakutikisika. Wifi aliketi juu ya ndoo na bomba lake mgongoni, mkono mmoja bado ndani ya mkono wa Mama Mitungi. Kisha uzi ukakazika. Mguu mmoja ukatoka majini, halafu wa pili, na buibui akapanda, akajipangusa, akarudi kukaa kando ya mayai yake.

Wifi alifungua kizibo cha bomba, upepo ukatoka kwa mlio.

"Sijakubali," alisema. "Mgongo umechoka tu."

Watoto walitoka kabla wiki haijaisha, wakatawanyika juu ya mmea kama vumbi linalotembea. Kilele hakikupona. Kilikauka, kikawa cheusi, na Mama Mitungi akakikata kwa mkasi wake. Lakini vidukari walipungua, na chini, ubavuni mwa shina kuukuu, likachomoza chipukizi.

Wifi alikuwa ameinama kulitazama alipowaona watoto wawili wa buibui wakiteleza ndani ya mtungi. Safari hii hawakupanda.

"Tuwatoe?" aliuliza.

Mama Mitungi akaja kuinama kando yake.

"Hapana," alisema, na wakabaki wanawake hao wawili wameinama, wakiangalia.