Fundi na Pua Yake

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa majiko asiyesikia harufu. Miaka ya nyuma alipata homa kali, ikaondoka na pua yake na haikuirudisha. Mama naye masikio yalikuwa yakifa polepole, kwa sababu ya kelele za kiwanda cha nguo alikofanya kazi ujanani. Kwa hiyo nyumbani kwetu mtu akiuliza, "Hamsikii?" ilibidi aeleze anamsema nani, na anasema kitu gani.

Majiko yake yalikuwa ya kupasha nyumba joto, yale yanayokula punje za mbao. Punje zenyewe ni vumbi la mbao lililoshindiliwa mpaka likafanana na chakula cha kuku. Skrubu ndefu huzisukuma kidogo kidogo hadi kwenye moto, na feni ya umeme huvuta moshi na kuutoa nje kwa bomba. Jiko likiwa safi, halisumbui mtu. Bomba likiziba kwa masizi, au punje zikiingia unyevu, moshi hugeuza njia ukaingia sebuleni.

Baba aliyajua hayo yote kwa mikono. Alichokosa ni kujua kama kazi imekwisha, maana moshi wa mwanzo hauonekani, unanuka tu. Ndiyo maana alikwenda kwa wateja na Mama. Yeye akiwa amepiga magoti na brashi, Mama alisimama mlangoni na mkoba wake, kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti. Baba akimaliza, aliwasha jiko na kugeuka.

"Mama watoto, vipi?"

Mama hakusikia. Baba aligusa pua yake kwa kidole, na Mama akavuta hewa.

"Bado. Hapo mlangoni mwa jiko, upande wa chini."

"Una hakika?"

"Mwenye pua hapa ni mimi. Fungua tena."

Mtaani wakatuita watoto wa Fundi na Pua Yake. Wateja walimtania, "Fundi, leo pua umeisahau nyumbani?" Naye alijibu, "Inajipodoa, inakuja."

Jambo moja hakulifanyia mzaha. Alisema jiko lililoziba hutoa pia hewa ya sumu isiyo na harufu kabisa, na kwa hiyo hata pua ya Mama haifui dafu. Kila nyumba aliyofanyia kazi alisisitiza waweke kengele ya moshi na ya sumu hiyo. Yetu aliifunga juu ya mlango wa chumba chao cha kulala.

Alikufa kwa kifua, kitandani mwake, baada ya ugonjwa mrefu uliotuchosha sote. Nilisema mapenzi ya Mungu yatimizwe, kisha nikaenda kukunja mashuka.

Baada ya mazishi nyumba ilijaa watu, na kaka yangu mkubwa hakungoja waondoke. Alitaka Mama ahamie kwake ghorofani.

"Nitakaa kwangu," Mama alisema.

"Na jiko je?"

"Jiko hilo nimelijua wewe hujajua hata kujifuta kamasi."

Walibishana kwa ishara na kwa kupaza sauti, kisha Mama akaenda jikoni kuosha vikombe na kufunga mlango, maana hilo ndilo jibu lake la mwisho siku zote. Mjomba, mdogo wake Mama, aliona moto unafifia. Kwa wema wake akamimina punje kutoka gunia lililokuwa barazani, na gunia lenyewe lilikuwa limenyeshewa.

Sisi sebuleni hatukunusa chochote. Mama akatokea na povu mikononi.

"Nani amelilisha jiko langu uji?"

Hapo ndipo moshi ulipoanza kuchungulia mlangoni mwa jiko. Kaka alirukia waya wa umeme wa jiko ili auchomoe. Mama akampiga kofi mkononi.

"Acha! Feni ikisimama, moshi wote ni wetu."

Akabonyeza kitufe cha kuzima, punje zikaacha kushuka, feni ikaendelea kuvuta. "Fungueni madirisha! Tokeni nje, porojo mtapigia huko."

Tulisimama kwenye ngazi za mlangoni, tukitetemeka. Mjomba alikuwa amejikunyata.

"Dada, nisamehe."

"Wewe? Wewe hata maji ya kunywa unayaunguza."

Tulicheka, na nilihisi mbavu zinauma kwa kukosa mazoezi. Hata Kaka alinyoosha mikono. "Haya Mama, umeshinda. Kaa na jiko lako."

Kabla hajamaliza, kengele ililia ndani. Ilikuwa kali kiasi kwamba jirani alitoka nje. Sote tuligeuka. Mama aliendelea kufuta povu kwenye aproni.

Kicheko kilikatika. Mama alituangalia nyuso, mmoja mmoja.

"Inalia?"

Kaka aliitikia kwa kichwa.

"Inalia sana?"

"Sana, Mama."

Alikaa kwenye ngazi. "Mchana ninalimudu," alisema. "Usiku baba yenu alikuwa ananitingisha."

Kaka alichuchumaa mbele yake ili aone midomo yake. "Ndiyo maana nasema twende."

Mama alinigeukia mimi, kitinda mimba, niliyekuwa nimepanga chumba karibu na ofisi.

"Wewe, usingizi wako ni mwepesi au unalala kama gogo?"

"Tangu Baba augue silali, Mama."

"Basi kalete godoro."

"Mama, huyu ni binti yako," Kaka alisema. "Si kengele."

"Najua. Kengele haili."

Nilihamia mwisho wa wiki. Gunia bovu tulilitupa, bomba nikalisugua mwenyewe huku Mama akiwa mlangoni na mkoba wake, akinikosoa. Sasa yeye analala vizuri na anakoroma. Mimi nalala chumba cha pili, mlango wazi, nikisikiliza feni. Ikibadilisha sauti kidogo tu, nainuka. Kazini nasinzia juu ya meza, na bosi ameshaanza kukohoa akinipita. Nikipiga magoti naanza kumwomba Mungu anipe usingizi, halafu nalifuta ombi hilo katikati, namwomba anilindie masikio.