Vitambulisho Vitatu Visivyo na Jina

Mwaka 1983 nilipewa vitambulisho vitatu na mtu aliyekwisha kuzikwa. Nikavichoma moto kwa mikono yangu.

Mjukuu wangu ndiye ananichapia hapa, kwa hiyo makosa ya herufi mlaumuni yeye. Makosa mengine yote ni yangu.

Wakati ule nilikuwa karani kwenye ofisi moja karibu na Mnazi Mmoja. Jina la ofisi nalimeza. Tulikuwa na kompyuta kubwa kama kabati la nguo, na fundi wake alikuwa Melkiori, Mchaga mmoja mpole wa maneno machache.

Melkiori aliitungia programu yenye kituko. Katikati ya kazi ilikuwa inasimama na kuuliza: AMRI? Chochote utakachoandika hapo, inakisoma na kukitekeleza palepale. Haibishi, wala haiulizi ulikuwa na maana gani.

Na aliifundisha Kiswahili.

"Taifa zima linaongea Kiswahili, Sofia," aliniambia. "Mashine nayo ijifunze."

Ukiandika ONGEZA HAMIS, inauliza jina la baba, kisha inatoa kitambulisho cha kazi cha Hamis. Nilishafanya hivyo mara nyingi.

Mwezi wa nane Melkiori akafa kwa malaria. Haukupita muda ukaanza msako wa watu wasio na kazi mjini. Huna kitambulisho cha kazi, unapandishwa lori, unarudishwa kwenu.

Mdogo wangu alikuwa anauza vitumbua Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mimba ya miezi saba, kitambulisho hana. Kwetu ni Newala, na barabara ya kusini enzi zile ilikuwa inatoa mtu roho.

"Da Sofi," aliniambia, "wakinipakia kwenye lori, huyu mtoto hafiki."

"Huendi popote. Ofisini nipo mimi."

Jina lake Tatu, maana alikuwa mtoto wa tatu kwa mama.

Wenzangu walipotoka kwenda kula, mimi nikabaki. Mashine ikauliza: AMRI? Nikaandika: ONGEZA TATU.

Haikuuliza jina la baba.

Ikaanza kuchapa. Kikatoka kitambulisho kina namba, kina jina la ofisi. Pa kuandika jina, peupe.

Kikatoka cha pili, peupe. Cha tatu, peupe. Kisha kimya.

Nikasema huyu ni Melkiori. Kitambulisho kisicho na jina kitakuwa cha nani kama si cha maiti? Nikahesabu na vichwa: mimi, Tatu, na mtoto wa tumboni. Vitatu kamili.

Nikavificha kifuani, nikaenda navyo nyumbani Magomeni, nikavitia kwenye jiko la mkaa huku nasoma Ayatul Kursi.

Jioni Tatu akaja. "Umepata?"

"Ile mashine ina mtu ndani," nikamwambia. "Vumilia, nitatafuta njia nyingine."

Akacheka. Ila chakula hakugusa.

Kesho yake saa nne asubuhi lori likapita Msimbazi. Nilichokuta ni beseni lake la vitumbua, jirani yake kanitunzia.

Mtoto alizaliwa njiani, kwenye kivuko cha Rufiji. Hakulia. Tatu naye Newala hakuiona.

Miezi miwili baadaye Filbert, fundi mpya, alikuwa anapekua daftari la Melkiori. Akaniita huku anacheka.

"Dada Sofia, hebu ona vituko vya marehemu. Kumbe mashine aliifundisha mpaka kuhesabu. Moja hadi kumi. Ukiandika ONGEZA MBILI, inakutolea viwili vitupu, unajaza majina mwenyewe kwa kalamu."

Mimi sikucheka. Nilikaa chini, sakafuni, mbele ya watu.

Mzimu haukuwepo. Niliomba tatu, nikapewa tatu. Mhuri ulikuwa kwenye droo yangu na kalamu nilikuwa nayo mkononi. Kazi iliyobaki ilikuwa kuandika jina la mdogo wangu.

Nilihitaji kimoja tu.

Kuuliza si ujinga, wanangu. Mimi sikuuliza kwa sababu jambo lenyewe nililifanya kwa kificho, na hofu ikanijibu badala ya mtu. Kitu usichokielewa usikichome kabla hujapata wa kukueleza.

Kariakoo siendi mpaka leo. Kule wauza nyanya wanahesabu kwa sauti. Moja, mbili, halafu wanamwita mdogo wangu.