Nguo Zisizo na Vifungo

Jirani yetu wa dirisha la pili alieneza kwamba shangazi amepinda vidole kwa ubahili, eti mabaki ya vitambaa vya wateja anayafanya mito ya kwake. Shangazi, ambaye ni fundi cherehani, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akampelekea mto mmoja.

Mimi sababu niliijua. Bibi, mama yake, alikuwa hivyo hivyo: asubuhi mikono imekakamaa, mpaka aichovye kwenye maji ya vuguvugu. Shangazi alianza kumshonea bibi nguo za mpira na kamba badala ya vifungo, ili avae mwenyewe, kisha akatushonea ukoo mzima. Hata gauni langu la harusi lilikuwa la kuvuta kamba. Nilidhani ndio mtindo wake.

Nilipojifungua binti, akaleta viguo kumi, vyote havina hata kifungo kimoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anamwandaa mwanangu kwa vidole vya kupinda. Nikageukia ukutani, nikalia kidogo.

Siku ya shangazi ya kliniki nikamsindikiza, mtoto mgongoni, nikamwuliza daktari kama huyu naye atapinda vidole. Akatueleza polepole. Baridi yabisi ya shangazi ni kinga ya mwili iliyokosea: walinzi wamewageukia wenye nyumba, wanashambulia maungio. Mtoto wa ukoo kama wetu anaweza kurithi uwezekano, lakini harithi ugonjwa wenyewe, na wengi hawaupati maisha yao yote. Urithi peke yake hautoshi. Kuna mengine yanayouchochea, kama sigara. Akasema siku hizi pia dawa zipo, ukiwahi.

Shangazi akatazama soksi za mtoto.

"Kwa hiyo nimewanyima watu vifungo miaka yote hii bure?"

"Bure kabisa, mama," daktari akajibu.

Tulicheka hadi muuguzi akachungulia mlangoni. Njiani shangazi bado anacheka, anafuta macho kwa kiwiko, ananihesabia mashemeji aliowavisha mpira kiunoni.

Tulipofika, hata kiatu hakuvua. Aliteremsha kopo la vifungo vilivyosalia kwa wateja, akavimwaga mezani, akatandaza kigauni cha mwanangu. Akajaribu kuokota kifungo kimoja, kikamponyoka. Cha pili nacho kikaviringika chini ya cherehani. Akanisogezea sindano.

"Mwanangu, hivi vidogo vinanishinda. Mshonee wewe, mimi nikuelekeze. Anza na kile chekundu. Na usifanye ubahili, weka vingi."